Niwekee Huo

Watu walicheka matangani, nami nikainuka nikatoka nje. Ilikuwa Jumamosi alasiri huko Makadara, nyumbani kwa marehemu Mama Fanisi, aliyeuza vitabu katika chumba cha mbele cha nyumba hiyo kwa miaka mingi hata watoto wa mtaa wakadhani alizaliwa humo pamoja na rafu zake. Kina mama wa kanisa walikuwa wamemaliza kuimba, chai na mkate vimezunguka, na jamaa zake walikuwa wakizungumzia safari ya kumpeleka magharibi akazikwe kwao. Ndipo binti yake, Fanisi, akasimama atueleze mama yake alikuwa mtu wa aina gani. "Mama alikuwa haambiliki," akasema. "Kuna siku alikata kitabu cha biashara yake mwenyewe. Kulikuwa na msichana hapa, alikuwa anapiga taipu kwa wakili, mgonjwa wa moyo. Akapenda kitabu fulani, na kwa hicho kitabu kuna mwanamke ako na ugonjwa kama wake, na mwishoni anafia wodini. Basi mama akararua kurasa za mwisho zote, akawashia jiko. Na chai ya huyo msichana akaipikia hapo hapo, kwa huo moto!" Watu wakaangua kicheko, maana walimjua. Mzee mmoja akapiga paja akasema, "Huyo ndiye yeye. Huyo ndiye yeye kabisa." Ile chai mimi naikumbuka. Nilikunywa kikombe kizima.

Fanisi hakutaja jina la msichana huyo kwa sababu hakulijua. Mwaka ule yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Msichana huyo aliitwa Rael, na alikuwa rafiki yangu. Nimeishi miaka hii yote nikiamini kwamba kile kitabu kilitufikia kikiwa kimekatika, kwamba mwisho aliotusimulia Mama Fanisi ndio mwisho wenyewe, na kwamba Rael aliingia hospitalini akiwa na mwisho huo mwema moyoni. Sasa naambiwa ulikuwa uongo, na uongo wenyewe umegeuka kichekesho cha matanga. Sikumkasirikia marehemu. Nilichotaka kujua, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza, ni jambo moja tu: Rael naye alidanganywa kama mimi, au alijua? Maana kama alijua, basi alibeba mzigo huo peke yake mbele ya macho yetu, huku sisi tukimchekesha na kumnywesha chai. Nilirudi Kware, ninakokaa siku hizi ghorofani kwa binti yangu, na swali hilo likapanda ngazi pamoja nami. Tangu hapo nakaa dirishani, nguo za jirani zikining'inia karibu kunigusa uso, nikiurudia mwaka ule na kutafuta jibu.

Tulikuwa wapiga taipu wawili kwa wakili mmoja ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya bucha, ng'ambo ya barabara kutoka mahakamani. Chumba chetu kilikuwa na dirisha lisilofunguka, mashine mbili zilizopigana makelele, na benchi la wateja. Asubuhi yote tulisikiliza shida za watu: shamba lililoingiliwa, ndoa iliyovunjika, kijana aliyekamatwa akiwa ametumwa dukani unga tu. Wakili aliniitia mimi kila mteja asiyejua Kiingereza, kwa sababu nilikuwa na Kiswahili cha shule, nami nilijivunia Kiswahili hicho kuliko nguo niliyovaa. Kule Ukambani nilifundishwa na mwalimu ambaye ukikosea ngeli hukai chini mpaka kipindi kiishe. Rael alikuwa amelelewa Makongeni, katika nyumba za watu wa reli, na Kiswahili chake kilikuwa na neno moja tu la kuonyeshea kila kitu duniani, nalo ni "hiyo". Kitabu hiyo. Viatu hiyo. Mtu hiyo. "Rael, maji hayo," nilikuwa nikimwambia. "Sawa, Sanifu," ananijibu, "sasa nipitishie maji hiyo." Ndilo jina alilonipa, Sanifu, na baada ya muda hata wakili akawa analitumia. Nilijifanya nimeudhika. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kunipa jina kabla yake, na nililipenda.

Saa ya chakula cha mchana ndiyo iliyokuwa saa yetu. Wakili akishavaa koti lake na kushuka, tulifunika mashine na kushuka nyuma yake, tukala chapati kwa maharagwe ya madondo kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya mahakama, tena tukila wima ili kuokoa muda. Sidhani nilitafuna chochote mwaka ule. Makarani wa ofisi nyingine walikaa pale kivulini wakibishana mpira mpaka muda uishe, na walituona wendawazimu. "Hawa wasichana wanafukuzwa na nani?" nilimsikia mmoja akiuliza. Mwenzake akamjibu, "Wanaenda kusoma," na akalitamka hilo neno kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. Tulikatiza uwanja wa kanisa, tukapita nyuma ya fundi viatu, na hapo tukawa mlangoni kwa Mama Fanisi. Kabla ya salamu lilikuja neno lake la kwanza, lile lile kila siku: "Wasichana wa wakili, mikono!" Kulikuwa na mtungi na kipande cha sabuni hapo kizingitini, na mtu mwenye mafuta ya chapati vidoleni hakugusa kitabu chake hata awe nani. Nilimwona siku moja akimrudisha padri.

Ndani palikuwa padogo. Watu wanne wakiingia, wa tano alisubiri nje. Rafu zilikuwa za mbao za masanduku, na bado ungeweza kusoma ubavuni mwake majina ya vitu vilivyosafirishwa ndani yake. Palinuka karatasi kuukuu, mafuta ya taa na maziwa, kwa sababu jiko lilikuwa nyuma ya pazia na sufuria haikutoka juu yake. Mama Fanisi aliketi kwenye kigoda, mwanamke mfupi, mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi, akisoma kitu chochote kilichokuwa karibu. Hakukuuliza unataka nini. Kule mjini, katika maduka makubwa ya vitabu, mlinzi alikuwa akikufuata kwa macho, na vitabu vyenyewe vilikuwa vimefungwa plastiki kama mkate. Hapa uliinamisha shingo, ukatembeza kidole kwenye migongo ya vitabu, ukatoa kimoja, ukasoma wima kurasa tatu nne, ukakirudisha, ukatoa kingine, na Mama hakuinua uso. Vilikuwa vitabu vya watu waliohama, wanafunzi waliomaliza, na wageni waliorudi kwao wakaacha hata sahani. Ndani yake ulikuta tiketi ya basi, ua lililokauka, jina la mtu na neno la mapenzi kutoka kwa mtu mwingine. Mimi nilipenda vya historia na safari; Rael alipenda hadithi za watu wa kawaida, "watu wa kufua na kuanika," alivyowaita. Nimekwenda kwenye maduka mengi ya vitabu tangu hapo, mengine yana viyoyozi na kahawa, na sijapata tena furaha ile. Nalisema wazi kwa sababu nimefika umri wa kusema wazi: katika maisha yangu yote nilikuwa na furaha zaidi pale, wima, muda wa chakula cha mchana ukinikimbia, bega la Rael likigusa bega langu.

Lile duka lilikuwa na desturi zake mbili, na lazima nizieleze kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake. Ya kwanza ilikuwa "niwekee". Ukipenda kitabu na hujawa tayari kukichukua, ulimwambia Mama, "Niwekee hicho," naye akakiingiza nyuma ya pazia kwenye rafu ya juu. Hakuandika jina lako popote. Alikujua, basi. Na kitabu kikishapanda rafu hiyo, hakuna mwingine ambaye angeuziwa, hata awe nani. Kulikuwa na vitabu vilivyokuwa vikisubiri watu waliohamishwa Mombasa, na nilikiona kimoja kikimsubiri mzee ambaye mtaa mzima ulijua ameshazikwa. Nilimuuliza Mama kwa nini hakishushi. "Alisema nimwekee," akanijibu, "na hajaniambia vingine." Desturi ya pili ilihusu vitabu vilivyokatika mkia. Wauza njugu wa Jogoo Road walinunua vitabu chakavu kwa uzito, wakavirarua kuanzia nyuma, ukurasa mmoja mmoja, kukunjia njugu. Wakati mwingine Mama aliwahi kuokoa kitabu kikiwa kimeliwa nusu, na vitabu hivyo aliviweka pembeni kwenye kisanduku, tukavinunua kwa bei ya maandazi. Hadithi iliishia pale muuza njugu alipoishia. Kazi ya kumaliza ilikuwa yetu, na tulibishana njia nzima kurudi ofisini nani aolewe na nani afungwe.

Rael hakuvipenda vitabu hivyo, kwa sababu alikuwa na tabia moja ambayo nilimsuta nayo kila siku: alianza kitabu kwa kusoma mwisho. Kabla hajatazama hata jina, alifungua nyuma kabisa, akasoma ukurasa wa mwisho huku midomo ikicheza. "Kwani uko na haraka gani?" nilimuuliza. Akasema, "Manze, mimi siwezi tembea na watu miezi miwili na sijui kama wanafika." Basi likawa neno letu. Akishamaliza kuchungulia, mimi huuliza, "Wamefika?" Naye hujibu, "Wamefika," akakichukua, au, "Hawajafika," akakirudisha rafuni polepole, akikigonga mgongo kidogo kwa kidole, kama unavyomuaga mtoto wa jirani.

Ugonjwa wake tuliujua bila kuuzungumzia. Alipanda ngazi za wakili akipumzika katikati, akijifanya anafunga kiatu. Jioni miguu ilivimba hata akavua viatu chini ya meza. Daktari alikuwa amemkataza chumvi na kazi nzito, akamwambia kuna mlango wa moyo usiofunga vizuri, na kwamba ipo siku ataitwa hospitali kubwa afanyiwe upasuaji. "Mlango haufungi," Rael akatuambia dukani, "kama hiyo ya choo ya ofisi." Mimi nilicheka. Mama Fanisi hakucheka. Alimtolea kigoda chake, na tangu siku hiyo Rael akawa mtu pekee aliyesoma pale akiwa ameketi. Mwezi huo huo, siku ya Ijumaa, nikiwa kizingitini nanawa mikono baada ya muwa, nilimsikia ndani akisema, "Mama, niwekee hiyo." Nilipoingia kitabu kilikuwa kimeshapita pazia. Sikumuuliza kama watu wake wamefika. Muda ulikuwa umekwisha, tukakimbia.

Jumatatu yake Mama alikishusha. Hakikuwa na jalada wala jina la mwandishi. Tulikiita kitabu cha Selina, kwa sababu Selina ndiye aliyekuwa ndani yake, fundi cherehani wa mji mdogo, mama wa mtoto mmoja wa kiume, anayevimba miguu na kuishiwa pumzi. Rael alikipokea, akakigeuza nyuma kama kawaida yake, na kidole chake kikasimama hewani. Kurasa za mwisho hazikuwapo. "Kimekatika mkia hicho," Mama akasema, akiwa amegeukia jiko na sufuria. "Kilikuja hivyo hivyo." Rael alimtazama Mama mgongoni. Kisha akasema, "Kumbe. Hata sikuangalia poa." Mama akatuletea chai, kila mtu na kikombe chake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Rael akafungua kitabu kwenye ukurasa wa kwanza. Mimi nilifurahi. Nilimwambia angalau mara hii utasoma kama binadamu wengine.

Kusoma kwenyewe kulituchukua majira yote ya baridi. Alinisomea kwa sauti akiwa kwenye kigoda, mimi nimeegemea rafu, na Mama anajifanya anapanga vitabu vya hesabu. Selina alilazwa wodini, akashonea wagonjwa wenzake vifungo, akawa anangoja siku ya kutoka. Mtoto wake aliahidi kuja kumchukua na kumletea viatu vyake vya kanisani. Hapo ndipo kitabu kilipokatika: Selina amekaa kitandani, ameshafunga mzigo wake, anasikia hatua za watu kwenye ukumbi. Tulifika ukurasa huo siku ya mvua, na sikumbuki nani kati yetu aliyetoa wazo la njugu. Pengine ni mimi. Nilisema, kama mkia uliliwa na muuza njugu, basi huenda bado uko mtaani. Kuanzia hapo Rael alinunua njugu kila mchana kwa mama mmoja aliyekaa nje ya lango la mahakama. Njugu zenyewe alinimwagia mimi kiganjani, maana zilikuwa na chumvi, kisha akaikunjua karatasi, akainyoosha juu ya goti, akaisoma. Mara ilikuwa hesabu ya sehemu. Mara wimbo wa kanisa, mara ramani ya mito ya nchi ya mbali. "Wamefika?" nikauliza. "Bado," akajibu. Ikawa mchezo wetu wa kila siku, na makarani wa kivulini nao wakaingia, wakaanza kutupa karatasi zao za njugu wakisema, "Rael, angalia hii, isikuwe ni mgonjwa wako ako hapa!" Alizisoma zote. Mama Fanisi alituona tukipita na karatasi hizo mkononi, na chai yake ikazidi sukari siku baada ya siku. Sasa najua alikuwa akituona tukitafuta mtaani kitu alichokuwa amekichoma mwenyewe.

Siku aliyoitwa hospitalini ilikuja kupitia simu ya wakili. Wakili akashuka mwenyewe chumbani kwetu kumwambia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akasema achukue siku zote anazohitaji. Mchana huo hatukula. Tulikwenda moja kwa moja dukani, tukanawa mikono isiyo na mafuta, na Rael akaketi kwenye kigoda akiwa na kitabu cha Selina mapajani. Alikuwa amevaa sweta ya ofisini, ile yenye kiraka kwenye kiwiko. "Mama," akasema, "kesho naingia. Sasa mambo hiyo ya njugu nimesare." Maana yake alikuwa ameachana nayo. Mama Fanisi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema kwamba kumbe usiku amekumbuka: kitabu hicho aliwahi kukisoma zamani, kikiwa kizima, akiwa msichana kwao. Mimi niliruka. Nilimwambia, Mama, muda wote huu umenyamaza? Akasema uzee ni mbaya, ninyi mtauona.

Kisha akatusimulia. Zile hatua za ukumbini, akasema, zilikuwa za yule mtoto. Alikuja na viatu kwenye mfuko wa karatasi, na daktari nyuma yake, na daktari akasema, mama, wewe nenda nyumbani, hatuna dawa ya mtu mzima kama wewe. Rael akauliza, "Alivaa nini?" Mama akafikiri. "Gauni ya kijani." "Kijani aina gani?" "Ya majani ya kunde," Mama akasema, na jasho lilikuwa limemtoka puani. "Na nani alimpokea huko nyumbani?" Majirani, akasema, walikuwa wamefagia uwanja na kubandika maharagwe. Selina aliingia, akaketi kwenye cherehani yake, akatia uzi kwenye sindano, na uzi ukapita mara ya kwanza. Hapo ndipo kitabu kinaisha. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, nikimshukuru Mungu kwa mwisho huo, kwa sababu niliuona ni ishara, na nilikuwa na umri wa kuamini ishara. Rael hakulia. Alikuwa anamtazama Mama kwa uso ambao nilidhani ni wa furaha, na nafikiri hata leo ulikuwa na furaha ndani yake. Aliinuka, akaegemea rafu apate pumzi, akamrudishia Mama kitabu. "Mama," akasema, "niwekee huo."

Na mimi, machozi usoni, nikamrekebisha. "Ni hicho, Rael. Kitabu ni hicho."

Akanigeukia, akatabasamu. "Sawa, Sanifu," akasema. "Hicho." Tukarudi ofisini taratibu, tukichelewa kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyetukemea. Pale langoni mwa mahakama mama wa njugu alimnyooshea Rael karatasi yake ya kila siku, na Rael akamwambia hapana, mathe, leo nimeshiba.

Hakutoka katika upasuaji ule. Hapakuwa na hatua za mtu yeyote kwenye ukumbi. Nilipigiwa simu nikiwa natayarisha hati ya kiapo ya mtu aliyepoteza kitambulisho, nikaimaliza mpaka chini bila kosa hata moja, kisha nikafunika mashine zote mbili. Walimsafirisha magharibi, na sisi wa ofisini tulisindikiza gari mpaka pale Jogoo Road gari lilipoanza kwenda kasi. Mama Fanisi alifunga duka mchana huo. Sijui kama aliwahi kulifunga siku nyingine mbali na Jumapili. Nilikaa kwa yule wakili mpaka mwaka ukaisha, kisha nikapata kazi mjini. Sikuingia tena dukani kwake kwa muda mrefu sana. Nilipokuja kuingia nikiwa na mtoto mgongoni, aliniambia, "Mikono," na baada ya kunawa nikatazama juu, nyuma ya pazia lililokuwa wazi. Kitabu cha Selina kilikuwa pale kwenye rafu ya niwekee. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Mama Fanisi ilikuwa ndefu. Ameifuata mpaka kaburini, na lau si mdomo wa bintiye nami ningeifuata mpaka kaburini kwangu.

Nimekaa dirishani hapa Kware tangu Jumamosi ile. Nimepima kila kitu. Nikajiambia kwamba hakujua, kwa sababu mtu anayejua hanunui njugu asizokula, majira mazima ya baridi, asome hesabu za sehemu juu ya goti. Halafu nikajiambia alijua, kwa sababu hakuna siku ambayo Rael alisema niwekee kabla ya kuchungulia mwisho, na ile Ijumaa alisema niwekee. Kwa nini basi alikitaka kitabu ambacho watu wake hawakufika? Hilo sijui, na sitalijua. Huenda alitaka kutembea naye Selina hata hivyo. Huenda Jumatatu ile alipoona kurasa zimetoka, akamwona Mama amegeukia jiko, akaelewa alichofanyiwa, na akaona vibaya kumwonyesha Mama kwamba amechelewa, mwisho ulikuwa umeshasomwa. Nilikuwa nakwenda hivyo, nikirudi, mpaka jana jioni binti yangu aliponiletea chai na kunionya kuhusu kikombe. "Mum, angalia, hiyo ni moto," akasema. Nikafungua kinywa nimwambie, chai hiyo, sawa, hapo umepatia. Ndipo nikaisikia ile sauti ya dukani.

Rael alisema "hiyo" kwa kila kitu. Maji hiyo, mtu hiyo, kitabu hiyo. Mwaka mzima nilimrekebisha na hakubadilika, kwa sababu hakutaka kubadilika. Siku ile moja hakusema hiyo. Alisema huo. Alilichagua neno hilo nikiwa nimesimama hapo mbele yake, mimi msimamizi wa ngeli wa Makadara nzima, nikamsikia, nikadhani amekosea kitabu. Hakuwa anazungumzia kitabu. Kitabu alikuwa anakirudisha. Alikuwa ametazama miisho miwili, ule alioukuta mwenyewe ile Ijumaa na huu uliotolewa jasho mbele yake, wa gauni la kijani na uzi unaopita mara ya kwanza, naye akamwambia Mama Fanisi ni upi anaotaka awekewe mpaka arudi kuuchukua. Alijua. Nimelia jana jioni hata binti yangu akaogopa, nikashindwa kumweleza mtu wa kizazi chake kwamba nalilia ngeli.

Nyumba ile ya Makadara sasa itakuwa na mambo yake. Nasikia Fanisi anataka kupangisha chumba cha mbele kwa mtu wa simu. Nitakwenda kabla hawajashusha rafu, ninawe mikono kizingitini, nimwombe kile kitabu kisicho na jalada kama bado kipo. Kama hakipo, si neno. Mwisho wenyewe ninao, wote, mpaka majirani na maharagwe yao, na nimebaki peke yangu wa kuuweka. Huo, Rael. Ulisema sawasawa.